Barua ya wazi kutoka Mwanjelwa: kioo cheusi, waya wa VGA na kazi isiyo na fomu

Kwa waheshimiwa mnaosimamia TEHAMA, elimu ya ufundi na manunuzi ya umma, na kwa wakuu wa vyuo vyetu vya Mbeya, Iringa na Njombe.

Mlionizidi umri, shikamooni. Wa Iringa na Njombe, kamwene. Wengine, habari za kazi.

Naandika nikiwa kwenye fremu yangu Mwanjelwa, koti mwilini, maana Julai ya Mbeya haina utani. Abiria akitoka Dar na fulana yake, akishuka tu stendi ya Nane Nane anaanza kuulizia mitumba. Kazi yangu wengi mnaijua hata kama mimi hamnijui. Napiga windo, nabadilisha vioo vya laptopu, naokoa picha za harusi kwenye flashi iliyofuliwa pamoja na suruali. Hiyo ndiyo inayolipa pango la fremu. Kazi ya pili naifanya usiku, na ndiyo iliyonifanya niwaandikie: mimi ni mmoja wa watu wachache wanaotunza draiva ya kadi moja kuukuu ya michoro ndani ya kerneli ya Linux.

Kwa asiye wa fani hii, nieleze haraka. Kerneli ni moyo wa mfumo wa kompyuta. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopokea unachoandika kwenye kibodi, inayoamua programu ipi ipewe prosesa na kwa muda gani. Ya Linux aliianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland, na leo iko ndani ya kila simu ya Android mnayoiona mkononi mwa bodaboda. Msimbo wake uko wazi: yeyote anausoma, anaubadilisha, na akipenda anaurudisha ulikotoka. Draiva ya michoro ni kile kipande cha kerneli kinachojua lugha ya chipu inayochora kila kitu mnachokiona kwenye monita. Ikikosea kidogo tu, mashine ni nzima lakini wewe unaona giza. Wateja wangu wengi huleta sipiyu wakisema imekufa, kumbe iko hai ila imekosa mdomo.

Giza la namna hiyo lilinikuta mapema mwaka huu kwenye shule moja ya sekondari huku juu Uporoto. Shule ina mashine 22, zote mitumba, zilizoanza kazi kwenye ofisi za watu Ulaya wakati wanafunzi wanaozitumia leo bado wananyonya. Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na toleo la 11 likidai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine zile hazina, mwalimu wa TEHAMA alinipigia simu. "Fundi, tuzitupe?" Nikamwambia, mwalimu, bandika chai, nakuja. Tukaweka Linux kwenye mashine zote kwa siku mbili, zikapiga kazi vizuri tu. Baadaye likaja sasisho la kerneli. Jumatatu asubuhi mashine 9 kati ya zile 22 zikawaka, feni zikazunguka, taa ya kibodi ikaitika ukibonyeza kitufe cha herufi kubwa, lakini monita nyeusi tii.

Kwa nini 9? Mashine ni za aina moja, kadi ni ile ile. Nilihamisha monita, giza likabaki pale mezani. Nikahamisha sipiyu, giza likabaki pale pale. Kilichokuwa kimebaki mezani ni waya.

Waya wa VGA una pini 15. Rangi zinapita kwenye tatu, nyekundu, kijani na bluu. Pini ya 12 na ya 15 hazibebi picha kabisa. Hapo ndipo kompyuta inapomuuliza monita yeye ni nani na anaweza picha ya ukubwa gani, naye anajibu kwa baiti 128 zinazoitwa EDID, mfano wa barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Waya za bei chee nyingine hazina nyuzi za kupitishia mazungumzo hayo. Nilichana mmoja kwa wembe mbele ya mwalimu. Ganda nene la plastiki, ndani nyuzi chache nyembamba kama za spika ya redio. Pini zipo zinang'aa, nyuma yake hakuna kitu. Mwalimu aliutazama kwa muda, akasema, "Kwa hiyo huu tuliuziwa nusu."

Draiva ya zamani ilikuwa inalijua hilo. Ikikosa jibu kwenye pini zile mbili, ilipapasa: ilisukuma umeme kidogo kwenye njia za rangi na kupima kama upande wa pili kuna mzigo wa omu 75. Mzigo ukiwepo, kuna monita, basi inawasha picha ya 1024 kwa 768 na kipindi kinaendelea. Mtu fulani mbali huko, akisafisha msimbo kwa nia njema kabisa, aliuondoa ule upapasaji kwa aina yetu ya kadi. Waya zote za maabara yake zilikuwa kamili. Angejuaje?

Siku hiyo hiyo nilizifufua kwa dawa ya kutuliza maumivu. Niliongeza video=VGA-1:1024x768e kwenye mstari wa kuwashia kerneli, ile e ya mwisho ikiwa na maana ya "washa, usiulize". Watoto wakarudi kwenye viti vyao. Fundi angeweza kuishia hapo, achukue nauli yake, ashuke mlima. Mimi niliomba sipiyu moja na ule waya uliochanwa, nikashuka navyo kwenye Noah, sipiyu imekaa mapajani kama mtoto.

Kumtafuta mkosaji ndani ya kerneli kunafanana na kutafuta mahali bomba la maji ya mserereko lilipopasuka. Fundi wa kijiji hatembei hatua kwa hatua kuanzia kwenye chanzo. Anakwenda katikati ya bomba, anafungua. Maji yakifika hapo, tundu liko chini. Yasipofika, liko juu. Kisha anakwenda katikati ya nusu iliyobaki. Kerneli hutoa toleo jipya kila baada ya wiki tisa au kumi, na toleo moja hubeba mabadiliko zaidi ya elfu kumi, lakini kwa kukata nusu kwa nusu, hatua kama 14 zinakufikisha kwa mwenyewe. Programu ya git, inayotunza historia ya msimbo, inayo amri ya kazi hiyo. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, kila hatua ni kujenga kerneli upya, kuipandisha kwenye ile sipiyu, kuwasha, na kukodoa macho uone kama monita inaitika. Mashine yangu ya kujengea ina koa mbili, yaani viini viwili tu vya prosesa. Hatua moja ilinichukua karibu saa tatu, na hapo nilishapunguza kila nisichokihitaji. Umeme ulikatika kwenye hatua ya tano na tena ya kumi na moja. Luku iliniishia hatua ya tisa, saa saba usiku, nikanunua uniti kwa simu na kuziingiza huku nikimulika mita kwa tochi ya simu hiyo hiyo. Historia nzima ya kerneli, gigabaiti kadhaa, nilikuwa nimeishusha siku nyingi nyuma kwa bando la usiku, vipande vipande. Bila hivyo nisingethubutu hata kuanza. Siku ya sita nikampata.

Kiraka chenyewe, yaani sahihisho la msimbo, kina mistari 6. Maelezo yake yana aya nne, kwa sababu kerneli haipokei kiraka kisichojieleza: kimeharibika nini, kwa nani, tangu badiliko lipi (unaandika herufi 12 za mwanzo za namba yake), na kwa nini dawa hii haitamdhuru mwingine. Chini unaweka jina lako na tamko kwamba una haki ya kuitoa kazi hiyo, utaratibu ulioanza mwaka 2004. Mpitiaji wa kwanza aliniuliza, kwa adabu zote, kama shule haiwezi kununua waya mzima. Lilikuwa swali la haki. Nilimjibu kwamba dukani waya mzima na mbovu wanafanana sura hadi bei, na kwamba hata hivyo kanuni ya kerneli ni moja: kilichokuwa kinafanya kazi jana kisivunjwe na sasisho la leo. Kwa hilo Torvalds hana mchezo. Kiraka kikapita kwa mtunzaji wa draiva, kikaingia mti wa michoro, yaani hazina ya msimbo wa michoro, anaousimamia Dave Airlie na wenzake, kikafika kwa Torvalds mwenyewe, kisha kikashushwa kwenye matoleo ya muda mrefu ya Greg Kroah-Hartman, ambayo ndiyo hasa hufika kwenye mashine kama zile za Uporoto. Wiki saba tangu ile Jumatatu. Nilipanda tena, nikaifuta ile e kwenye mashine zote 9, zikawaka zenyewe.

Waheshimiwa, kisa hiki nimekieleza kirefu kwa makusudi, kwa sababu kila ninapokieleza kwa ufupi naambiwa "hongera kwa ubunifu". Hapakuwa na ubunifu wowote. Palikuwa na utunzaji, na utunzaji ndio ninaotaka kuuzungumzia.

Ndani ya kerneli kuna faili linaloitwa MAINTAINERS, daftari la watunzaji. Kila sehemu imeandikiwa nani anaitunza na iko katika hali gani. Hali zenyewe ni chache na zimeandikwa bila maneno ya ofisini. Ya juu kabisa inasema kuna mtu anayelipwa kuangalia hapa. Inayofuata inasema kuna mtu anaangalia, bila kutaja malipo. Inayofuata inasema mtu yupo ila hana muda, hutupia kiraka siku moja moja. Halafu kuna yatima. Ndivyo ilivyoandikwa, yatima. Ya mwisho ni ya msimbo wa kale ambao kwa kawaida umeshapata mbadala bora. Draiva yetu iko ile hali ya tatu. Baada ya kiraka changu, mtunzaji wake, ambaye naye ana kazi nyingine ya kutwa, aliomba jina langu liongezwe kama mpitiaji, nikakubali. Ni mstari mmoja tu. Nilimwonyesha mama kwenye simu alipokuja kutoka Kyela, akauvuta uwe mkubwa, akausoma taratibu, kisha akauliza mshahara wake ni shilingi ngapi.

Yatima wa kerneli mwishowe hufutwa. Mwaka 2023, kwenye toleo la 6.3, draiva 7 za kadi za zamani ziliondolewa kwa mkupuo mmoja: i810, mga, r128, savage, sis, tdfx na via. Silalamikii hilo. Zilikuwa za mtindo wa kale, programu za kuchorea zilishaziacha miaka mingi nyuma, na hata mimi ninayeokota kila kitu sina kadi ya namna hiyo. Ninachowaonyesha ni utaratibu wake. Watunzaji wanauliza kama bado kuna anayekitumia kifaa, wanasubiri, kimya kikizidi wanafuta. Sasa anayetumia kadi ya miaka kumi na tano iliyopita yuko wapi? Yuko Rungwe, Makete, Ludewa, kwenye chumba cha kompyuta chenye pazia la kitenge. Swali haliwezi kumfikia, na likimfikia hajui ajibu wapi. Mtu wa kujibu kwa niaba yake inabidi awe karibu naye, awe anajua kujenga kerneli, na awe anajulikana kule.

Na msidhani draiva ikishaandikwa ikafanya kazi mnaweza kuiacha ikae. Kwa programu zilizo nje kerneli ina ahadi ya kutobadilika, ahadi ngumu kama chuma. Kwa ndani hakuna ahadi hiyo. Kuta zinabomolewa na kujengwa kila wiki, mlango uliokuwa kushoto unahamia kulia, na draiva ambayo haina mtu wa kuihamisha inabaki inagonga ukutani. Draiva kubwa zina majeshi. Ile ya amdgpu peke yake ina mistari inayozidi milioni 5 ukihesabu orodha za rejista, yaani anwani za ndani ya chipu, zilizotolewa na mashine, na waandishi wake wengi wako kwenye mshahara wa AMD. Yetu ni kibanda kando ya ghorofa hilo. Ghorofa likisogeza uzio, kibanda ndicho kinachohama. Kazi yangu ya wiki nyingi ni hiyo tu: nasoma nani kasogeza nini, najenga, nawasha, natazama. Mara nyingi sioni kosa. Siku hizo ndizo ngumu kumweleza mke wangu nilikuwa nafanya nini hadi saa nane usiku.

Baba yangu angenielewa. Alikuwa mtu wa reli, TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975 na kukabidhiwa rasmi 1976. Yeye hakuwa mjenzi. Aliajiriwa reli ikiwa tayari, genge la njia, akapewa kipande chake upande huu wa Mbeya. Alikitembea kila siku na spana ndefu begani, anakaza boliti, anagonga reli kwa nyundo na kusikiliza. Reli nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa mlio mfupi, mzito. Picha za wajenzi ziko kwenye vitabu vya shule. Ya baba na spana yake ipo moja, ukutani kwa mama, na tuliipiga sisi.

Mwaka jana niliomba ufadhili kwenye taasisi moja ya umma. Niliomba chumba chenye umeme, rafu, na kompyuta kuukuu 15 za aina tofauti. Fomu iliuliza ubunifu wangu mpya ni upi, utazinduliwa lini na mgeni rasmi nani, na baada ya miezi sita utakuwa na watumiaji wangapi. Nikaandika ukweli: hakuna kipya, hakuna cha kuzindua, na watumiaji ni wale wale ambao hawatajua kwamba kulikuwa na tatizo. Afisa mmoja kijana, mwenye heshima zake, alinipigia. "Kaka, andika tu ni programu ya simu." Tulicheka wote wawili. Ombi halikupita, na yule kijana simlaumu, maana fomu haikuwa na kisanduku cha kazi yangu.

Kwenye chuo kimoja ninakofundisha kwa muda, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitaka projekti yake iwe kupima draiva yetu pale mashine inapolala na kuamka, jambo linalosumbua kadi nyingi za zamani: unafunika laptopu, ukifunua, picha hairudi. Alikuwa ameshagundua makosa mawili. Jopo likamwambia hajatengeneza mfumo. Akaenda kutengeneza mfumo wa kusajili wagonjwa, wa nne kwenye darasa lile. Wagonjwa wasajiliwe, sikatai. Ila yale makosa mawili bado yapo, na yeye sasa anauza vifaa vya simu Kabwe.

Ninachowaomba hakihitaji bajeti ya kutisha, na nitaanza na kisichogharimu hata shilingi.

Mnaponunua kompyuta, andikeni kwenye masharti ya zabuni, huko huko kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST, sentensi moja: kadi ya michoro iwe na draiva iliyo ndani ya kerneli rasmi ya Linux, isiwe ya kupachika pembeni. Najua afisa manunuzi atasema, sisi tunanunua Windows. Sawa kabisa, nunueni. Lakini mashine ya umma ikinunuliwa leo haifi baada ya miaka mitatu kama waraka unavyodhani. Inatoka wilayani inakwenda kata, inatoka kata inakwenda shule, na siku mwenye Windows akisema basi, kama alivyosema Oktoba ile, kitakachoamua kama inaendelea kuishi au inakwenda kwa wauza vyuma ni hiyo draiva. Ofisi moja huku nyanda za juu ilinunua mashine nzuri sana ambazo draiva yake ilikuja kwenye diski, imefungwa, ya toleo moja tu la kerneli. Sasisho la kwanza likaivunja. Muuzaji hapokei simu. Nilipoziona mara ya mwisho zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe, vimepigwa pasi.

Wakubwa nao hubadilika, msione nchi yetu ndogo mkanyamaza. AMD ilianza kutoa nyaraka za chipu zake za michoro mwaka 2007. Nvidia, ambayo Torvalds aliitolea maneno makali hadharani kwao Finland mwaka 2012, ilifungua msimbo wa moduli zake za kerneli kwa kadi mpya mwaka 2022. Kabla ya hapo waandishi wa draiva huria ya kadi hizo, nouveau, walikuwa wakijifunza kwa kuivizia kadi: wanaona programu ya kampuni inaiandikia nini, wanabahatisha maana yake, wanajaribu. Ni sawa na kujifunza kupika kwa kunusa moshi wa jirani. Sisemi kampuni zitasikia zabuni ya wilaya moja. Nasema zabuni za nchi nzima zikiwa na sentensi ile ile, muuzaji wa Kariakoo ataanza kuuliza kabla ya kuagiza, na huyo ndiye anayenihusu.

La pili ni lile nililoandika kwenye fomu: chumba na rafu. Chuo chochote cha ufundi, Mbeya au Iringa, kinaweza. Mbao ziko Mafinga, fundi seremala yupo, kompyuta chakavu mnazo stoo. Kila Jumapili, toleo linapokuwa jikoni, Torvalds hutoa kerneli ya majaribio, saba au nane kabla ya ile kamili. Jumatatu wanafunzi waijenge, wapite rafuni, wawashe kadi zote, kila moja na waya wake mbovu. Ile kasoro yetu ingeonekana miezi kabla ya kupanda Uporoto. Mtaniuliza kwa nini Wazungu wasifanye wao. Wanafanya, na kwa bidii kuliko sisi. Ila hawana waya zetu. Hawana umeme wetu unaoshuka saa moja jioni mtaa mzima ukiwasha majiko, hawana vumbi la barabara ya Chunya ndani ya feni. Kosa linalozaliwa kwenye mazingira haya litaonwa na aliye humu au halitaonwa. Nami pia sitafika popote peke yangu: nina kadi mbili tu za aina hii, na moja inapiga chafya.

Tatu, kwa wakuu wa vyuo. Mwanafunzi akisahihisha kosa kwenye kerneli na sahihisho likapokelewa, ihesabiwe projekti. Mwalimu akifanya hivyo, ihesabiwe anapopandishwa cheo. Ushahidi wake uko wazi kwa dunia nzima: tarehe, mistari iliyobadilika, majina ya waliopitia na waliopima. Nimesoma makala za kitaaluma zilizompandisha mtu cheo ambazo sidhani kama zimewahi kusomwa na watu watatu, mwandishi akiwemo. Kiraka cha mistari sita kimepitiwa na watu wanne kabla ya kupita, na mmoja wao alinirudisha mara mbili kwa sababu ya nafasi mwishoni mwa mstari. Na mtaala mpya wenye mkondo wa amali umeshaingia madarasani. Kama amali ni kazi ya mikono inayofaa watu, basi kumfundisha mtoto kugonga reli na kusikiliza nako ni amali.

Sidai mshahara wangu humu. Ukija nitaupokea kwa mikono miwili, mama ameshauuliza. Ninachotaka ni pale kwenye daftari la watunzaji, karibu na draiva yetu, siku moja paongezwe majina mengine mawili matatu ya vijana wa huku, ili nikiugua malaria wiki mbili kusiwe na wiki mbili bila mtu.

Kabla sijafunga fremu, nimesikia baadhi ya ofisi mkoani zinaandaa mnada wa vifaa chakavu kabla ya mwaka kwisha. Tafadhali msiziuze zote kwa wanaonunua kwa kilo. Nitengeeni moja ya kila aina. Isiyowaka nayo naipokea, kadi yake inaweza kuwa nzima. Na waya msizitupe, hasa zile zilizowahi kuwasumbua.

Wenu,
Fundi kompyuta,
Mwanjelwa, Mbeya